Sindano za Kichina zisimtoe mgonjwa wa kisukari kwenye dawa

MFANYABIASHARA wa mchele anayetoka Kahama kwenda Kigali hulala njiani na kula kinachopatikana. Foleni ya Rusumo nayo haimuulizi kama amemeza kidonge cha asubuhi. Akiwa na kisukari aina ya pili, baada ya miaka kadhaa miguu yake inaweza kuanza kuwaka moto usiku, au kufa ganzi. Hapo ndipo anapoambiwa na wenzake ajaribu akupancha, tiba ya sindano ya Kichina.

Tiba hiyo haikuanza jana. Imetumika China kwa zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tabibu huchoma sindano nyembamba, zisizo na dawa ndani, na kuziacha mwilini kwa dakika 20 au 30. Wapo wagonjwa wanaosema maumivu ya miguu yamepungua, na baadhi ya tafiti zinaelekea huko, ingawa nyingi ni ndogo. Aliyepata nafuu hastahili kuchekwa.

Tatizo ni pale nafuu ya maumivu inapochukuliwa kuwa ni kupona kisukari. Mtu amechomwa, amelala usingizi mzuri, na kesho yake anaona vidonge vya hospitali havina kazi tena. Sukari haina kelele. Inaweza kupanda huku miguu imetulia, ikaendelea kuharibu macho, figo na moyo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba sindano hizo zinaweza kuchukua nafasi ya metformini, insulini, mlo na mazoezi. Tabibu anayemwambia mgonjwa aache dawa amekwisha kujitambulisha. Mgonjwa achukue mkoba wake aondoke.

Halafu kuna mguu wenyewe. Uliokufa ganzi hausikii, na kidonda chake huchelewa kupona. Baadhi ya matabibu huchoma majani makavu karibu na ngozi ili kuongeza joto, na mwenye ganzi huungua bila kujua. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kuleta homa ya ini au virusi vya Ukimwi, hivyo pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa.

Je, mgonjwa atamjuaje tabibu wa kweli? Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kusajili watoa huduma. Lakini mfanyabiashara leo yuko Ngara, kesho yuko Kigali. Usajili wa upande mmoja haumsaidii upande wa pili. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Afrika Mashariki inataka nchi wanachama zishirikiane katika afya, ikiwamo utafiti wa tiba asili na tiba mbadala. Wizara za afya zingeanza na jambo dogo tu: majina ya matabibu waliosajiliwa yabandikwe Rusumo, Namanga, Mutukula na Busia, jirani na matangazo ya ushuru.

Kabla ya hapo, anayetaka sindano amwambie kwanza daktari wa kliniki yake, apime sukari kabla na baada, na abebe vidonge vya siku nyingi kuliko safari yenyewe. Malori hukwama.