Nondo za Madirishani Zinaua Watoto Wetu



Mimi ni fundi wa karakana ya mabehewa, wala si mwalimu. Lakini mlango naujua. Behewa la abiria lenye mlango uliokwama halitoki karakana, hata stesheni masta apige kelele namna gani. Basi nauliza: bweni lenye nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa nje, ni nani aliyeliruhusu kulaza watoto wetu?

Matokeo tumekwisha kuyaona. Machi 1998, huko Bombolulu, wasichana 26 walikufa motoni. Madirisha yalikuwa na nondo. Machi 2001, Kyanguli, wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na nondo zilikuwapo vile vile. Miaka 3 ilipita katikati, na msumeno haukupelekwa! Septemba 2024, Endarasha, watoto 21, katika bweni lililolaza zaidi ya 150.

Wizara ilitoa kitabu mwaka 2008. Kinasema madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi 5, kitanda na kitanda viachane mita 1.2. Maneno mazuri sana. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama kijana wangu (shule siitaji, yeye bado yumo) nikachukua futi yangu ya kazini. Sikuhitaji kuifungua, kati ya vitanda nilipita kwa ubavu. Watoto wamepangwa kama magunia ya mahindi, mdogo ubavuni pa mkubwa anayempiga usiku, na mwalimu hawezi kuona kitu kutoka mlangoni. Halafu tunashangaa wakishika kiberiti! Hedimasta akanijibu, "Mzee, nondo ni za kuzuia wezi, na vijana wasitoroke."

Wengine watauliza: je, St. Kizito mwaka 1991, wavulana hawakuvunja bweni la wasichana? Walivunja. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kusongamana na kukosa pumzi katika chumba walichokimbilia. Hao walihitaji mlango wa pili, si nondo.

Naomba tawi letu likubali jambo moja. Siku ya wazazi kila mwanachama aende na futi, apime, aandike, karatasi zimfikie katibu kabla ya mkutano. Na shule itakayosema haina fedha za fundi, ijibiwe kwamba misumeno ya chuma tunayo, na Jumapili wengi wetu hatuna zamu.