Bastola ya mtumba ijaribiwe kabla ya kulipiwa

WAFANYABIASHARA wanaozunguka minadani kununua ng'ombe, wenye vituo vya mafuta, mashine za kukoboa na maduka ya jumla ni miongoni mwa wananchi wanaoomba kumiliki bastola kwa ajili ya kujilinda. Hatuwalaumu. Anayerudi nyumbani usiku na mauzo ya siku nzima ana sababu ya kuwa na hofu, na sheria inamruhusu kuomba.

Tunachotaka kukizungumzia leo ni kile kinachofuata baada ya kibali kupatikana. Bastola mpya ni ghali, hivyo wenye mtaji mdogo huangukia kwenye zile ndogo za mfukoni zilizokwisha kutumika. Mnunuzi huishika, huiona inang'aa, huuliza bei ya mwisho, hulipa. Mtu huyo huyo akienda kununua pampu ya maji ya mtumba hatoi hata senti mpaka iwashwe, ivute maji na asikie mlio wake. Kwa bastola, chombo anachotarajia kimwokoe siku moja, anakubali kununua kikiwa kimya.

Msimamo wetu ni kwamba bastola iliyotumika ijaribiwe kwa risasi, mbele ya mnunuzi, katika uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, kabla ya malipo kukamilika. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kujibu swali la mnunuzi.

Tuseme la sheria kwanza ili tusieleweke vibaya. Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, na bila leseni hakuna mjadala wa bei wala wa ubora. Bastola inayouzwa kwa kunong'onezana, au ambayo nambari yake imekwanguliwa, haina unafuu wowote hata ikitolewa kwa bei ya kuku. Hiyo ni kesi inayosubiri mwenyewe, na huenda tayari ina damu ya mtu mwingine.

Lakini leseni inamhusu mtu. Mzani wa dukani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Mnunuzi wa bastola asidhani kuwa karatasi iliyo mkononi mwake imeikagua na silaha. Wapo wanaotegemea chapa ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Kweli, bastola nyingi za Ulaya zina chapa za vituo vya majaribio, kama kile cha Liège nchini Ubelgiji au cha Birmingham nchini Uingereza ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1813. Chapa hiyo inaeleza kwamba siku ilipotoka kiwandani silaha ilistahimili risasi yenye nguvu kupita kiasi cha kawaida. Kuhusu springi iliyokaa miaka 60 ndani ya droo haisemi neno.

Si kila bastola ndogo ni mbovu, na si kila ya bei ndogo ni mbovu. Zile za milimita 6.35 na 7.65 zilizobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20 bado zipo zinazofanya kazi vizuri, na kadhalika za Walther na Beretta. Tatizo la nyingine ni vipuri. Viwanda vya Star na Astra vya Hispania, vilivyouza bastola nzuri tu, vilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayenunua moja ya hizo ajiulize springi au magazini ataipata wapi.

Zipo pia zilizozaliwa kuwa rahisi. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyobana uingizaji wa bastola ndogo duni kutoka nje, lakini haikugusa zinazotengenezwa ndani. Kuanzia mwaka 1970 viwanda vikaota karibu na Los Angeles, vikitengeneza bastola za mchanganyiko wa zinki badala ya chuma cha pua, majina yake Raven, Jennings, Bryco na Lorcin. Zinki humiminwa kwenye kalibu kwa urahisi, ndiyo maana bei ilikuwa chini, lakini huchakaa na kupasuka mapema. Moja ya Bryco ilitengenezwa kwa namna ambayo ili kuitoa risasi ilibidi kwanza uondoe kifungio cha usalama. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 huko California alipigwa risasi na kupooza wakati mtu mzima akijaribu kuiondoa risasi bastolani. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama liliamuru fidia ya mamilioni ya dola, na kampuni ikafilisika mwaka huo huo. Kampuni imekwenda, bastola zimebaki.

Kuzitambua si kazi kubwa. Sumaku hainasi zinki. Jaribu kwenye slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi inapotoka. Kama sumaku hainati hapo, rudisha bastola kwa mwenyewe. Usijaribu kwenye fremu ya chini peke yake, kwa sababu hata bastola nzuri kama Beretta ndogo hutumia alumini hapo, nayo hainaswi.

Ukaguzi wenyewe uanze kwa kuhakikisha haina risasi. Hili linarudiwa mno lakini watu bado wanakufa kwalo: kuchomoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chumba chake. Chomoa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama ndani, kisha pitisha kidole. Baada ya hapo chungulia mtutu kwenye mwanga. Risasi za zamani zilikuwa na fataki zenye chumvi zinazokula chuma, hivyo vishimo vichache si ajabu katika bastola ya kale. Ukiona duara jeusi kama pete ndani, au ukigusa uvimbe kwa nje, ujue risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Usiinunue.

Magazini ndiyo mama wa kukwama kwingi. Angalia kama midomo yake imepinda au imepigwapigwa kwa nyundo, na kama springi inasukuma kwa nguvu au inalegea kama godoro la gesti. Mafundi wana mbinu nyingine ya penseli: bastola ikiwa tupu kabisa na mtutu ukitazama juu, penseli hutumbukizwa mtutuni kwa upande wa kifutio na triga hubonyezwa. Pini inayogonga risasi ikiwa hai, penseli itaruka. Isiporuka, huo ni mzigo wa kuuzia karatasi mezani.

Halafu ndipo uwanjani. Risasi 5 hazitoshi. Sisi tungetaka angalau 50, zipigwe kwa magazini zote zitakazouzwa pamoja na bastola, na ziwe za aina ile ile atakayoibeba mmiliki. Ikikwama mara moja, ibadilishwe magazini. Ikiendelea kukwama kwa magazini nyingine, iachwe. Risasi isipolia, mtutu ubaki ukielekea kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya kuitoa, maana nyingine huchelewa. Tunajua risasi ni ghali, na huenda jaribio likala sehemu ya ule unafuu uliomvuta mnunuzi. Basi gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kuna kasoro ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni bastola kulia bila kuombwa. Katika nyingi za zamani kifungio cha usalama huzuia triga na mitambo yake tu, huku pini ikiwa imevutwa na kubanwa na springi muda wote. Ikidondoka sakafuni, inaweza kupiga. Mwenye bastola ya namna hiyo asitembee na risasi kwenye chumba, wala asiichanganye mfukoni na funguo, sarafu na vumbi la unga. Inataka mkoba wake inayojaa vizuri. Jasho la nchi za joto nalo hutia kutu kwa muda mfupi.

Yupo atakayesema kwamba masharti haya yatamnyima ulinzi mfanyabiashara mdogo. Hatukubaliani naye. Bastola inayokwama humpa mwenyewe ujasiri ambao hana haki nao, akasimama mahali ambapo angekimbia. Kilichopunguza hatari kwa wengi ni fedha kutokaa mfukoni: M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, na kwa korosho mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia Mtwara msimu wa 2007/08, uliyapeleka malipo benki. Mwenye uwezo wa kupita njia hiyo aipite kwanza, kisha ndipo ahesabu kama bado anahitaji silaha.

Kwa anayeihitaji bado, tunawaomba wenye maduka ya silaha wenye leseni waanze kufanya jambo moja lisilohitaji sheria mpya: waandike kwenye risiti idadi ya risasi zilizopigwa katika jaribio, mara ngapi bastola ilikwama, na ni magazini ipi iliyotumika, kisha muuzaji na mnunuzi wote watie saini.