Shoka Si Ubatizo

Katika mikutano ya Injili ya mkoa wetu wa Tabora husikika mara kwa mara wito mmoja: kateni mti wa mizimu. Upo mti mkubwa ambao wazee wa zamani waliombea mvua chini yake. Vijana waliookoka huchukua shoka, mapambio huimbwa, na jioni mti uko chini. Tunarudi nyumbani tukisema Kristo ameshinda. Sisi tulioimba mapambio hayo tunaandika kusema kwamba tulikosea.

Tusieleweke vibaya. Hatuwatetei wapiga ramli. Damu ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, na damu ya ndugu zetu wenye ualbino, inalia kutoka katika ardhi ya kanda hii ya magharibi. Uovu huo tuupinge mchana na usiku. Lakini panga lililowaua lilishikwa na mtu, kwa tamaa ya mtu. Mti haukumtuma.

Tena tuulize, mti ukishaanguka kinafuata nini? Pepo hawafi kwa shoka. Kinachofuata ni tanuri la mkaa. Urambo, Kaliua na Sikonge tumeona miyombo na mitundu ikiingia katika mabani kukausha tumbaku, na warina asali wakienda mbali zaidi kila mwaka kutafuta mahali pa kutundika mizinga. Hatujawahi kusikia mahubiri dhidi ya hilo. Mti mmoja ulioogopwa na babu zetu tunaukemea kwa jina la Yesu. Msitu mzima unageuka moshi, nasi tunapokea zaka ya fedha yake bila swali.

Watetezi wa shoka hututajia Gideoni. Vema, tumsome Gideoni. Madhabahu aliyoibomoa ilikuwa ya baba yake mwenyewe, na nguzo aliyoikata ilisimama kando yake. Alianza na sanamu ya nyumbani kwao. Sanamu ya nyumbani kwetu leo si mti ule wa wazee. Ni fedha.

Wengine hututajia Bonifasi, Mwingereza aliyeukata mwaloni wa wapagani kule Geismar, Ujerumani, katika karne ya 8. Lakini Uingereza hiyohiyo ilipokuwa ikihubiriwa Injili, Papa Gregori aliandika mwaka 601 kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, majengo yanyunyiziwe maji ya baraka, watu wamwabudu Mungu wa kweli mahali palepale walipozoea kukutana. Hadi leo katika viwanja vya makanisa ya kale ya Uingereza imesimama miti iitwayo yew, na mingine inaaminiwa kuwa mikongwe kuliko makanisa yenyewe. Wapo huko siku hizi wanaoirudia dini ya kale na kuabudu viumbe, hao hatuwafuati. Lakini Mkristo wa huko huvaa viatu, akatembea porini, akajifunza majina ya ndege na miti, na hakuna anayemwita mpagani. Kwa nini Mkristo wa Tabora akimuuliza bibi yake jina la mti tumshuku?

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ina uzito wa pekee kwetu tunaoishi juu ya njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikafika Ujiji. Njiani humo walipita watumwa. Humo pia ilipita Injili. Mwaka 1878 Mapadre Weupe walianza safari kutoka Bagamoyo kuja bara. Mwaka 1898 Wamoravian waliipokea kazi ya misheni Urambo. Mizigo ya misafara katika njia hii ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Tukubali basi kwamba Neno lilifika huku likisaidiwa na watu ambao leo tungewaita wapagani. Na watu hao walikuwa na majina ya Mungu tayari: Likube, aliye juu, na Limatunda, Muumba.

Tumkumbuke pia Livingstone, aliyengoja wapagazi pale Kwihara mwaka 1872. Alipofariki mwaka uliofuata katika nchi iitwayo sasa Zambia, watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Kisha Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili, wakapita nao hapa Unyanyembe hadi pwani. Mti ule ulitunza moyo wa mmisionari. Hakuna Mkristo aliyeuita mti wa mizimu.

Paulo alipofika Athene hakuchukua shoka, ingawa roho yake ilichukizwa. Aliutembea mji, akatazama, akaiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akaanza kuhubiri kutoka hapo. Alitembea kwanza. Sisi tumehubiri bila kutembea, na tumekata bila kuuliza.

Kwa hiyo tunazitaka sharika zetu zifanye mambo matatu. Shoka lisipelekwe tena kwenye mti wowote kwa jina la Yesu. Wazee wa kanisa wauseme msitu na mabani waziwazi, hata kama mkulima wa tumbaku ameketi kiti cha mbele, hata kama mkulima huyo ni sisi wenyewe. Na Jumapili moja baada ya ibada, vijana na wazee watembee pamoja kwa miguu mpaka Kwihara. Wazee wataje mti mmoja mmoja kwa Kinyamwezi, vijana waandike. Wakifika, wapumzike kivulini na kumshukuru Muumba, ambaye bustani ya kwanza alimpa mwanadamu ailime na kuitunza. Tumejua sana kulima. Kutunza bado.