Odumbe Apewe Haki Yake

Tulikuwa tukirudi Kitale kutoka mdahalo wa Bungoma. Tulipofika Kamukuywa, basi zima lilikuwa likibishana: ni nani wataingia katika timu bora ya kriketi ya Kenya ya nyakati zote?

Majina mengine hayakuleta kelele. Steve Tikolo, aliyepata mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka mwaka 1996. Thomas Odoyo. Collins Obuya, aliyeangusha wiketi 5 za Sri Lanka mwaka 2003. Aasif Karim, aliyewatoa Waaustralia 3 kwa mikimbio 7 tu mwaka huo huo.

Vita vilianza kwa Maurice Odumbe. Eti aachwe nje kwa sababu mwaka 2004 alifungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa za watu wa kamari. Jamani! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nani alikuwa nahodha tulipowalaza West Indies kwa mikimbio 73 mwaka 1996, tena akaangusha wiketi 3?

Mimi namwingiza. Lakini unahodha simpi ng'o! Huo ni wa Tikolo. Kipaji humpa mtu nafasi uwanjani. Uongozi hutaka uaminifu. Wewe je, wasemaje?