JANUARI HAIJI KWA GHAFLA

Ndugu wananchi, kila Januari twasikia kilio kile kile: sare hakuna, viatu hakuna, kodi ya nyumba imefika. Je, Januari ilitujia kwa ghafla? La! Tarehe yake twaijua sote.

Ni kweli kwamba tangu 2016 Serikali ya Tanzania imefuta ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Lakini sare na madaftari bado ni juu ya mzazi. Asiyejiwekea akiba hukimbilia mkopo wa simu. Na tuhesabu: akopaye shilingi 50,000 kwa riba ya 10,000 kila mwezi, baada ya miezi mitano ametoa 50,000, na deni liko pale pale. Huo ni utumwa alioutia sahihi mwenyewe.

Twawashauri vijana wenye watoto: siku ya mshahara, au ya kuuza mavuno, mume na mke wakae pamoja, waandike mapato na matumizi katika daftari moja. Mume amfichaye mkewe mshahara, akamwachia fedha ya mboga tu, hajengi nyumba. Shilingi 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Ziwekwe kwanza, katika kikundi cha watu waaminifu, ndipo zifuate soda na vocha.

Ndugu, tulidai kujitawala. Basi na tujitawale mpaka mifukoni. Daftari lako liko wapi?