Almasi: mwenye kuuza asiwe ndiye mwenye kupima

Mama anayenunua maharagwe sokoni Bukavu hutazama kwanza chini ya kopo. Anataka kuona kama halikubonyezwa, kwa sababu kopo ni la muuzaji. Hakuna anayemwita mgomvi. Lakini kijana anayeagiza pete ya almasi kutoka Dubai, kwa pesa aliyoweka akiba miaka mingi, anapokea karatasi yenye muhuri wa kung'aa na haulizi nani ameiandika.

Hilo ndilo swali la kwanza. Karatasi iliyoandikwa na duka lenyewe ni ahadi ya muuzaji tu. Ripoti ya kujitegemea hutoka kwa maabara isiyouza almasi, kama GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Maabara hiyo hulipwa ada ya kupima, jiwe liuzwe ghali au rahisi. Ripoti yake inataja uzito kwa karati (karati 1 ni gramu 0.2), rangi kuanzia herufi D hadi Z, usafi wa ndani, na namna jiwe lilivyokatwa. Haitaji bei.

Inasema pia kama almasi imetoka ardhini au imetengenezwa kiwandani. Zote mbili ni almasi ya kweli, na kile kifaa kidogo cha kupimia dukani hakiwezi kuzitofautisha, lakini ile ya kiwandani ina bei ya chini sana. Mara nyingi namba ya ripoti huchongwa kwenye ukingo wa jiwe, na mnunuzi anaweza kuitafuta kwenye ukurasa wa maabara. Hata hivyo, namba za uongo zimekwisha kuonekana. Ni lazima uzito na vipimo vya jiwe vilingane na vile vya ripoti.

Hapa kwetu Kongo kuna mchanganyiko mwingine. Wengi wakisikia « cheti cha almasi » wanafikiri cheti cha Kimberley. Mpango huo ulianza mwaka 2003, baada ya almasi kulipia vita huko Sierra Leone, Angola na hapa nchini. Kisangani haijasahau mabomu ya Juni 2000. Lakini cheti hicho husafiri na mzigo wa almasi ghafi kutoka nchi moja hadi nyingine. Hakisemi lolote kuhusu rangi au usafi wa jiwe lililo kwenye pete. Muuzaji anayemwonyesha mteja Kimberley anajibu swali ambalo mteja hakuuliza.

Na uzito wa karatasi unatokana na aliye nyuma yake. Mwaka 2004, Kongo-Brazzaville ilifukuzwa katika mpango huo kwa kuwa ilishindwa kueleza almasi iliyokuwa inauza nje imetoka wapi. Ilirudishwa mwaka 2007.

Kanuni hiyohiyo inamhusu mchimbaji. Sehemu kubwa ya almasi ya Kongo inachimbwa kwa mikono. Mchimbaji wa Bafwasende au Tshikapa anapoleta jiwe, mara nyingi ni mnunuzi anayeshika lenzi, anayeweka mizani, anayetaja rangi na kisha bei. Shirika la serikali, CEEC, linatathmini almasi kabla ya kutoka nchini, lakini wakati huo mchimbaji amekwisha kuuza na bei yake haibadiliki tena.

Wengine watasema maabara ni mambo ya matajiri. Ni kweli kwamba kwa jiwe dogo sana ada inaweza kula faida yote. Basi mnunuzi wa pete adai risiti inayoandika uzito, rangi, asili ya jiwe, na haki ya kurudisha. Kooperative za wachimbaji ziwe na mizani yao na lenzi inayokuza mara 10, na zimfundishe mwanachama mmoja kuitumia. Serikali nayo ilete mtathmini wa CEEC karibu na mauzo ya kwanza, pale ambapo jasho la mchimbaji linapewa bei.

Mama wa sokoni hakusoma chuo cha almasi. Anajua tu kwamba kopo la muuzaji linaangaliwa kwanza, kisha pesa ndiyo inatoka.