Mla Mbwa na Mla Mali ya Yatima

Imekuwa mazoea siku hizi, barazani na ndani ya daladala, kwamba akipita Mchina, hata akiwa fundi anayetujengea barabara, neno la kwanza ni "hao wala mbwa", na kicheko kifuate. Ndugu zangu, hakuna hapa anayeombwa amle mbwa. Nyama ya mnyama mwenye chonge Mwislamu ameshakatazwa, na jirani yake Mkristo naye haitamani. Hilo halina mjadala. Linaloudhi ni kuifanya haramu yetu fimbo ya kumchapia asiye wa dini yetu. Nyinyi ni watu waungwana, watoto wa watu mliofunzwa kumkaribisha mgeni kabla ya kumuuliza jina. Mbona kwa jambo hili ulimi unawateleza?

Tena fimbo yenyewe imeoza. Uchina ina watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne, na wengi wao nyama hiyo hawaili. Kuna mji wa Yulin, jimbo la Guangxi, wenye sherehe ya kula mbwa kila Juni, na Wachina wenyewe ni miongoni mwa wanaoipinga. Mji wa Shenzhen ulipiga marufuku nyama ya mbwa na paka mwaka 2020, na mwaka huohuo wizara yao ya kilimo haikumweka mbwa katika orodha ya mifugo. Taiwan ilikataza kumla mwaka 2017. Korea Kusini, ambako wazee walikunywa supu ya mbwa siku za joto kali wakiamini inarudisha nguvu, bunge lilipigia kura marufuku ya nyama hiyo Januari 2024: 208 wakakubali, hakuna aliyekataa. Kuanzia 2027 atakayemchinja mbwa kwa ajili ya nyama anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Na Mzungu anayewakemea watu wa Asia? Mla ni mla leo, mla jana kala nini! Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870, mbwa, paka na hata panya waliuzwa kwa wachinjaji, na Ujerumani haikukataza kumchinja mbwa kwa chakula hadi 1986. Wala tusiende mbali: kusini mwa Nigeria, upande wa Calabar, Waafrika wenzetu wanaila nyama hiyo na kuiita 404. Mbona hao hatuwacheki?

Atasema mtu: mbwa ni mlinzi na rafiki, amlaye hana huruma. Kuwasonga mbwa katika vizimba na kuiba mbwa wa watu ni ukatili, na sheria zinazozuia hayo nazisifu. Lakini rafiki gani huyu tunayemfunga mnyororo mfupi juani, na watoto wetu wakimpiga mawe tukiwatazama? Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Kitabu, na tumesimuliwa habari za aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, chanjo ipo, na siku ya chanjo ikitangazwa mtaani wangapi hutoka na mbwa wao? Nyani haoni kundule.

Na nikiwa hapo, ulimi unaniwasha. Matumbo yetu yanayochefuka kwa kutajiwa mbwa yanapokea haramu nyingine bila hata kucheua. Kula mali ya yatima kumefananishwa na kula moto, lakini moto huo unaliwa kwetu mchana kweupe, pamoja na riba, na rushwa tuliyoipa jina zuri la chai. Ami mtu anauza shamba la marehemu nduguye kabla arobaini haijaisha, mjane akibaki kuhesabu minazi isiyo yake tena. Kisha jioni, akipita Mchina barabarani, ami huyohuyo ndiye wa kwanza kutema mate.